Kibati Namba Tisa

Jioni ile nilikuwa natoka dukani na maziwa, mkate na biskuti za binti yangu wa miaka sita. Tunamwita Pilipili kwa ule ukali wake. Alikuwa ameapa kwamba nikizisahau hatalala, na wala sisi hatutalala.

Kwenye korido ya ghorofa letu taa ilikuwa imezima. Harufu ya udongo mbichi ikanipiga puani... udongo wa chini kabisa, usiojua jua.

Harufu hiyo naijua. Ghorofa hili limesimama pale yalipokuwa makaburi ya ukoo wetu. Yalipohamishwa mwaka juzi, mimi ndiye niliyetumwa na ukoo kuyaonyesha. Kila kaburi lilichomekwa kijiti chenye kibati cha namba, na pasipo na kibati wachimbaji hawakugusa. Makaburi yalikuwa tisa. Kule yalikohamia tulipewa nafasi nane tu, na mwenye mradi wa ghorofa hili aliniahidi nyumba ya chini humu kama sitaleta usumbufu. Basi nikang'oa kibati namba tisa, nikakitia mfukoni.

Lilikuwa kaburi la shangazi. Hakuzaa, kwa hiyo hakuna ambaye angemuulizia. Alikuwa na mimi tu, niliyelelewa naye tangu mama alipofariki. Msimamizi aliponiuliza marehemu wetu ni wangapi, nilijibu bila kupepesa macho kwamba ni wanane. Wakamwaga zege. Nikajifariji kuwa maiti hajui kuhesabu.

Mwanamke alikuwa ameketi kwenye ngazi, mtandio umemfunika uso. Vidole vyake vilikuwa vyeupe kwa saruji.

"Kwako mko wangapi, mwanangu?" alinong'ona.

Sauti ile ndiyo iliyokuwa ikiniamsha niende shule. Ulimi ukanitangulia.

"Wanne, shangazi."

"Kahesabu tena."

Sikumbuki nilivyofungua mlango. Mezani palikuwa na sahani tatu. Mke wangu aliziona biskuti akashangaa, maana mtoto wetu wa kiume hazipendi. Nikamwambia ni za Pilipili. Akanishika paji la uso, kama anayepima homa.

"Pilipili ndiye nani, mume wangu?"

Nilitazama picha ya ukutani. Tulikuwa watatu, tunacheka.

Nikakimbilia chumbani kwa Pilipili. Hapakuwa na kitanda, wala viatu, wala ile michoro yake ya chaki ukutani. Palikuwa na msumari mmoja, na juu yake kilining'inia kibati namba tisa, ambacho nilikitupa mtoni kwa mkono wangu huu.

Nilipiga magoti, nikaweka sikio sakafuni.

Kimya...

Kisha kucha. Kucha ndogo, zikikwaruza zege kwa chini.

"Baba... biskuti zangu umeleta?"

Nilifungua mdomo niitike. Sauti nyingine ikanitangulia kumjibu, taratibu, ileile iliyonibembeleza mimi utotoni.

"Lala, mwanangu. Huko juu hawatuhesabu."