Nani Aligusa Krimu ya Bibi Harusi?

"Msogeze huku! Waya haufiki!"

Hiyo ni sauti ya wifi yangu, jamani. Mkononi ana pasi ya nywele, tena pasi yangu ya kazini, imepata moto mpaka inatoa moshi.

Na aliyeniburuta sakafuni kunisogeza karibu na soketi, ili nichomwe vizuri...

Ni mume wangu!

Ndiyo, mume wangu wa ndoa. Amenikalia mgongoni, mikono yangu kaibana kwa nyuma.

"Mume wangu, unaacha nichomwe?"

"Tulia! Umemharibia dada yangu harusi, unataka nikuchekee?"

Ngojeni kwanza niwaeleze, msije mkadhani nilifanya kweli.

Mimi ni msusi. Saluni yangu ni chumba cha mbele cha nyumba ya mama mkwe. Wifi alikuwa anaolewa Jumamosi, na kichwa chake nilikabidhiwa mimi.

Sasa sikilizeni. Mama mkwe ana nywele za kipilipili, nene, chanuo likitaka kupita linaomba ruhusa. Nywele hizo zinavumilia dawa ya kulainisha. Wifi kachukua za marehemu baba yake, nyembamba, ukizivuta kidogo zinabaki mkononi. Kichwa kama kile unapaka mafuta kwenye ngozi kwanza, unatia dawa nyepesi, zikilegea tu unaosha.

Ndivyo nilivyofanya. Nikampa na kopo la krimu yangu, ya kupoza ngozi na kurudishia nywele unyevu.

Wifi akajitazama kwenye kioo, akanikumbatia kwa furaha. Mama mkwe akabinua midomo.

"Mbona bado zina mawimbi? Dawa isiyouma haijashika hiyo."

"Mama, nywele zake si kama zako. Tukizidisha zitakatika."

"Nimeanza kutia dawa wewe hujazaliwa!"

Nikachukua ufagio, nikafagia. Mama mkwe hajibizwi.

Ijumaa asubuhi nakunja mataulo, nikasikia yowe. Wifi akaingia mbio, akavua kitambaa kichwani...

Mungu wangu! Utosini peupe! Nywele zimekatika mafungu mafungu, ngozi imechubuka, inatoa majimaji.

"Wifi, nani kaku..."

Kofi! Hata sikumaliza.

"Krimu yako! Nimepaka, ikaniwasha, mama akaniambia nivumilie ndiyo inaingia. Nimeosha, nywele zikaondoka na maji!"

"Krimu ile haiunguzi mtu!"

"Una wivu wewe! Harusi yako ilinyeshewa na mvua, ukaona na yangu iharibike!"

Mume wangu akatoka chumbani. Nikamkimbilia, nikajua mtetezi kafika.

Akanipiga ngumi ya mdomo.

Nilitema damu, na jino likatoka nayo. Kabla sijainuka kanishika nywele, kanilaza chini, na wifi kishachomeka pasi. Ndipo mliponikuta.

Waya ukafika. Niligeuza uso, pasi ikatua begani.

Chwaaa!

Miaka yote nimezoea harufu ya nywele zilizoungua. Siku hiyo nilinusa nyama yangu mwenyewe, na nililia mpaka sauti ikakatika.

"Anarusha kichwa! Mama, mshike!" wifi akafoka.

Mama mkwe akapiga magoti, akanikamata taya kwa mikono miwili. Vidole vyake vikawa mbele ya macho yangu kabisa.

Vimechubuka. Vyekundu, vibichi, ngozi inaning'inia kwenye kucha.

Nikaacha kulia.

"Mama... vidole vimefanya nini?"

Akavificha haraka ndani ya mtandio.

"Maji ya moto."

"Hayo si maji, hiyo ni dawa. Umeikoroga kwa mkono bila glavu."

"Mwongo huyu! Mchomeni mdomo!"

Lakini wifi alikuwa amesimama, pasi iko hewani.

"Mama... naomba nione mikono yako."

Mama mkwe akazidi kuvisokomeza vidole ndani ya mtandio.

"Mama! Ulitia nini kwenye krimu yangu?"

"Kidogo tu, mwanangu! Nilitaka zilale! Mbona zangu hazijawahi kukatika?"

Wifi aliirusha pasi, kioo changu kikashuka vipande vipande. Akamrukia mama yake mzazi, akamkaba shingo, wote chini kwenye vigae na vioo. Damu sijui ya nani.

Mume wangu akaniachia, akaenda kuwatenganisha. Mama mkwe akapata pumzi kidogo, na hiyo pumzi akaitumia kusema hivi:

"Usiniue peke yangu! Kaka yako ndiye aliyeninunulia dawa kali! Ndiye aliyenishikia kopo nikikoroga!"

Wapendwa... nilihisi baridi mwili mzima, na bega linawaka.

"Ulijua?" nikamuuliza.

Hakuniangalia.

"Ni mama yangu. Ningemtangaza vipi? Nilijua wewe utavumilia."

Nilinyanyua stuli ninayokalia nikisuka, nikamshushia nayo mbavuni kwa nguvu zangu zote. Nikasikia kitu kimelia ndani. Sijutii, nawaambia ukweli.

Nilitoka vile vile, blauzi imegandia begani, mpaka kituo cha polisi. Wakati askari ananihoji, mume wangu akaingia kashika mbavu, na uongo wake tayari. Eti nilijichoma kazini, eti nina kichaa cha wivu! Askari akaanza kuniangalia vingine.

Mlango ukafunguliwa tena.

Wifi! Bila kitambaa, bila wigi, kile kichwa chake wazi mbele ya watu wote, siku moja kabla ya harusi yake.

"Afande, huyu hana kosa. Mimi ndiye niliyemchoma. Kaka yangu ndiye aliyemshika, na alijua ukweli. Tuandike wote wawili."

Nilimchukia asubuhi ile, na bado sijamaliza kumchukia. Lakini pale kituoni yeye peke yake ndiye aliyesimama upande wangu, na alijua anajifunga.

Dada zangu, dawa ya kichwa cha mama si ya kichwa cha mwana, msikilizeni msusi wenu. Na mwanamume akikwambia alijua utavumilia, elewa kwamba alishakupangia maumivu yako kabla hujayaona. Fungasha virago siku hiyo hiyo, hata kama bega bado linauma.