Vigingi Vinne vya Siwema

Jua lilipotoka, Ziada alikuwa amekwisha kufanya kila kitu. Amechota maji, ameyapasha moto, ameyaleta barazani kwenye beseni la bluu. Ameleta mswaki. Ameleta uji wa ulezi kwenye kikombe chenye mfuniko, nzi wasiingie. Mama yake, Siwema, alikuwa amekaa pale pale alipokaa jana na juzi: kwenye mkeka, mto mgongoni, miguu ameinyoosha.

"Mama, usiinuke," Ziada alisema. "Ukitaka kitu, niite."

"Nataka kwenda chooni. Na hilo nikuite uende badala yangu?"

Ziada alicheka, lakini alimshika mkono. Choo kilikuwa nyuma ya nyumba, hatua thelathini tu. Siwema alisimama mara tatu njiani. Aliporudi, kifua kilikuwa kinapiga miluzi, akashindwa hata kusema asante.

Siwema alikuwa na miaka hamsini na sita. Kumi na minne kati ya hiyo alifanya kazi kwenye shamba la katani, katika chumba cha brashi. Pale nyuzi za katani zilisuguliwa na mashine mpaka zikawa laini. Vumbi lake jeupe lilijaa hewani na kuganda kwenye kope. Wanawake walijifunga kipande cha khanga puani, basi. Kikohozi kilimwanza akiwa kazini, na hakikumwacha.

Hospitali ya wilaya walimpima makohozi mara tatu na kumpiga picha ya kifua. Hakuwa na kifua kikuu. Daktari alisema mapafu yamechakaa kwa vumbi. Akampa dawa za kutuliza kikohozi.

Basi nyumbani wakaamua: mgonjwa apumzike. Na majirani wa kwao Mabwerebwere wana macho. Binti akimwacha mama mgonjwa ashike ufagio, jioni anasemwa bombani. Ziada hakutaka kusemwa. Tena alimpenda mama yake. Akamnyang'anya ufagio, akamnyang'anya ndoo, akamnyang'anya mpaka kisu cha kukatia mchicha.

Mwaka huo ulikuwa 1994. Shamba la katani lilikuwa limefungwa, kampuni imeondoka, wafanyakazi wamepunguzwa. Mwezi wa sita kijiji kimoja upande wa Chanzuru kilitangaza kwamba kitagawa sehemu ya shamba lile kwa watu waliofanya kazi pale. Jina la Siwema lilikuwamo. Lakini kamati iliweka sharti, kwa sababu wajanja walikuwa wameandikisha hata marehemu. Siku ya kupima, mwishoni mwa mwezi wa tisa, mwenye jina azunguke kipande chake kwa miguu. Kila pembe apigilie kigingi kwa mkono wake. Asiyeweza, jina linafutwa.

Siku ya pili baada ya tangazo alikuja Lupakisyo, mdogo wa marehemu mume wa Siwema. Aliegemeza baiskeli ukutani.

"Shemeji, afadhali jina tulibadilishe, liwe langu," alisema. "Wewe kule utafikaje? Kwa machela?"

"Kwa miguu yangu."

"Miguu ipi? Hiyo inayolala barazani tangu Pasaka?"

"Hii hii. Lupakisyo, wewe uliwahi kufanya kazi kwenye brashi?"

"Mimi nilikuwa reli, unajua."

"Basi kadai shamba kwa watu wa reli! Vumbi la pale limo kifuani mwangu. Pumzi yangu nimekwisha kuwaachia. Shamba siwaachii."

Lupakisyo alicheka, akaondoka akitikisa kichwa. Siwema hakucheka. Alijua shemeji yake amesema kweli. Miguu ilikuwa imekwisha.

Jioni alimtuma Ziada amwite Letisia, jirani. Letisia alikuwa muuguzi wa zahanati ya shamba miaka mingi. Naye alipopunguzwa kazi, alifungua duka dogo la dawa karibu na soko.

"Letisia," Siwema alisema, "mwezi wa tisa nataka kuzunguka shamba. Nisaidie, au unicheke uondoke."

Letisia hakucheka. Alivuta kigoda. "Kaa hapa. Kunja mikono kifuani. Sasa simama bila kushika kitu."

Siwema alijaribu. Alinyanyuka kidogo, akarudi chini pu! Akajaribu tena. Hakuweza.

"Unaona?" Letisia alisema. "Hayo si mapafu. Hayo ni mapaja. Mapafu yako yamechakaa, sikudanganyi, hayarudi yalivyokuwa. Lakini miguu haikuvuta vumbi. Miguu imekwisha kwa kukaa."

"Daktari hakusema apumzike?" Ziada aliuliza.

"Alisema, au mlisema nyinyi?"

Ziada alikaa ukingoni mwa mkeka.

"Sikilizeni," Letisia aliendelea. "Mtu akikaa tu, nyama ya miguu inapungua. Mguu dhaifu unadai hewa nyingi kwa kazi ndogo. Unahema, unaogopa, unakaa. Kesho unahema mapema zaidi. Hivyo hivyo mpaka kitandani."

Machozi yalimtoka Ziada. "Kwa hiyo mimi ndiye niliyemmaliza mama?"

"Hujamaliza mtu, mwanangu. Ulifanya ulichoona ni heshima. Kuanzia kesho, heshima ni kumrudishia ufagio."

Kisha Letisia alimfundisha Siwema kuhema. Avute hewa puani taratibu, akihesabu mbili. Aitoe mdomoni akihesabu nne, midomo ameibana kama anayepoza uji. "Utahema ukitembea. Kuhema si kufa. Ukishindwa kusema hata maneno matatu, simama, inama kidogo, shika magoti, toa hewa. Ikitulia, endelea. Lakini ukisikia maumivu ya kifua au kizunguzungu, acha, uende hospitali. Hata midomo ikigeuka rangi, ukipata homa, au makohozi yakibadilika, nenda."

"Na chakula?"

"Kula kidogo kidogo, mara tano. Dagaa, maharage, yai likipatikana. Miguu haijengwi kwa uji mtupu. Dawa zako usiache. Na hilo jiko la kuni, lipelekeni nje. Huhitaji moshi juu ya vumbi."

Asubuhi Siwema alisimama kutoka kwenye kigoda mara tatu, akijisaidia kwa mikono. Akatembea mpaka mlango wa jirani na kurudi. Juma la pili ikawa mara tano na nyumba mbili. Alifagia ua kipande, akakaa, akafagia kingine.

Mwanvua, jirani wa ng'ambo, alimwona. "We Ziada! Mama yako mgonjwa anafagia, wewe umekaa unachambua mchele? Hata aibu huna?"

Ziada alitaka kuinuka. Siwema alimwashiria akae.

"Mwanvua, ufagio wangu," alisema, akavuta hewa. "Ua wangu." Akavuta tena. "Kifua changu. Chako nini hapa?"

Mwanvua aliguna, akaingia ndani.

Mwezi wa saba, baridi ilipokaza, Siwema alipata homa, na makohozi yakawa ya njano. Walimpeleka hospitali siku ile ile. Alitibiwa, akapona, lakini alirudi dhaifu. Majirani walisema, "Si tuliwaambia?" Letisia alisema, "Anza tena kutoka mlangoni." Siwema alianza tena kutoka mlangoni. Alikasirika kila hatua, na akaenda.

Mwezi wa tisa ulipofika, alikuwa anasimama kutoka kwenye kigoda mara kumi, mikono kifuani. Alifika sokoni na kurudi, akipumzika mara mbili.

Siku ya kupima, Lupakisyo, ambaye alikuwa amemwona akifika sokoni kwa miguu yake, alimpakia kwenye baiskeli mpaka kwenye korongo. Kutoka hapo baiskeli haipiti, kuna visiki vya mikatani tu. Siwema alishuka, akatembea. Ziada alifuata nyuma na kibuyu cha maji, bila kumshika.

Simoni, mwenyekiti wa kamati, alimpa nyundo. Kigingi cha kwanza kiliingia. Cha pili kiliingia. Kwenye pembe ya tatu Siwema aliinua nyundo, ikamshinda. Kifua kilipiga miluzi.

"Mama, mpe shemeji yako amalizie," Simoni alisema. "Jua linatuacha."

"Sharti ni mkono wa mwenye jina," mjumbe mmoja alisema. "Kama hawezi, tufute."

Siwema hakuweza kujibu. Aliinua kiganja: ngojeni. Akainama, akashika magoti, akabana midomo, akatoa hewa. Mbili, nne. Mbili, nne. Lupakisyo alijisogeza mbele ya yule mjumbe.

"Mngoje," alisema. "Sharti halikusema haraka."

Siwema alijinyoosha. Akapiga. Akapumzika, akapiga tena. Kigingi kikasimama imara. Akaenda pembe ya nne kwa mwendo wake, watu wazima sita wakimfuata polepole kama wanaosindikiza bibi harusi. Pale alipiga mara saba.

"Jina?" Simoni aliuliza, kalamu mkononi, ingawa alilijua.

"Siwema binti Salehe. Andika."

Mvua za mwezi wa kumi na mbili alipanda mbaazi na mahindi. Bado anakohoa, na dawa bado anameza. Analima mstari mmoja, anakaa, anahema, anasimama kwa mapaja yake mwenyewe, anaanza mwingine. Ziada analima mistari mitatu kwa huo mmoja. Wakati wa mavuno hakuna aliyeuliza mahindi gani yametoka mstari wa nani.