Msumeno wa Pili

Haya yalimpata rafiki yangu Bruno, mpasua mbao wa Bukavu anayeishi nasi hapa Kamembe. Papa Niyitegeka alimwita akate mti mkubwa wa umuvumu uliofunika ukuta wake. Mti ule unalindwa na sheria. Namba ya serikali imeandikwa kwa rangi kwenye shina.

Jirani, Maman Mukabera, akapiga kelele dirishani: "Wee muntu, acha! Huo mti banaukataza!"

"Funga dirisha yako!" Niyitegeka akamjibu. "Bruno, kata."

Kisha akaingia ndani.

Ilikuwa saa tisa mchana, lakini mawingu ya mvua yalikuwa yametia giza mtaa mzima. Bruno alitumia msumeno wa mkono, maana wa injini ungesikika mbali. Mkono ulipochoka akapumzika. Sauti ya kukata ikaendelea.

Akazunguka shina, hakuona mtu. Akatega sikio kwenye gome. Kitu kilikuwa kinakata humo ndani, taratibu, kikija upande wake. Akarudi nyuma hatua moja. Unga wa mbao ukaanza kumwagika kutoka kwenye gome lisilo na tundu, usawa wa shingo yake.

Bruno akainama. Sauti nayo ikashuka, ikaendelea kukata usawa wa shingo yake.