Mkono wa Nyanya Nyaboke

Kila Ijumaa, masomo yakiisha tu, Nyakerario ndiye aliyekuwa wa kwanza kushika ndoo. Klabu yao ya afya, katika shule iliyo juu ya soko la Nyaramba, ilikuwa ya wanafunzi waliotaka kuwa wauguzi, walimu au maofisa wa ustawi wa jamii. Siku hiyo waliwatembelea wazee na kuwasaidia kazi kabla Sabato haijaingia. Nyakerario alitaka uuguzi, na tayari alishaanza kutembea kama muuguzi.

"Daktari, pole pole! Wagonjwa hawajatoroka," mwenzake Anyona alimtania, mzigo wa kuni kichwani.

"Nyamaza, wewe. Leo si mchezo."

Kweli haukuwa mchezo. Nyanya Nyaboke alikuwa amechomwa mguuni na kisiki cha mchai, na kidonda kilianza kunuka. Alishawafukuza wanawe na majirani waliotaka kukiosha. "Akikataa na leo," alisema Mama Jemimah, mhudumu wa afya wa kijiji aliyewaongoza, "mguu huo utaishia kukatwa."

Langoni kwa bibi, Nyakerario akavaa barakoa na glavu, akazivuta vizuri ili kila mtu aone. Akaingia, akachuchumaa. "Nyanya, nyoosha mguu."

Nyanya Nyaboke alikuwa amenyoosha mkono wa salamu. Mkono ukabaki hewani. Akaurudisha pole pole, akaufunika mguu kwa leso.

"Nendeni. Mimi si mzoga."

Kisha bibi akasema, "Hata kule zahanati ilikuwa hivi. Nilimpeleka Cleophas wangu akiwaka homa. Yule muuguzi wa dirishani hakuinua uso. Alinionyesha benchi kwa kidole. Nikakaa. Nilikaa mpaka mtoto akapoa mikononi mwangu. Leo angekuwa na mvi."

Watu hupenda kusema mambo hayo yamepita. Yamepita kwa nani? Zahanati ile imepakwa rangi tena na tena, na kila mgombea huja kupigwa picha mlangoni. Aliyekaa kwenye benchi lile hajasahau.

Nyakerario alitoka nje, macho yakimwasha. Akavua glavu, akashusha barakoa, akarudi na mikono yote miwili mitupu.

"Bwairire, magokoro," alimsalimu bibi kwa lugha ya nyumbani.

Nyanya Nyaboke akaishika mikono ile, akaigeuzageuza. "Kumbe una mikono! Na uso ulikuwa umeuficha wa nini?"

"Niliogopa utaniomba meno, magokoro, na mimi bado nayahitaji."

Bibi akacheka mpaka ufizi wote ukaonekana. "Mjukuu ana mdomo huyu!" Leso ikasogea. Mguu ukatoka.

"Sasa niruhusu ninawe, nivae glavu, nisikutie uchafu kidondani."

"Vaa. Sasa nakujua."

Nyakerario akauosha mguu, Anyona akawasha moto, Mama Jemimah akatia dawa na kufunga bandeji. Wakarudi Ijumaa baada ya Ijumaa, hadi Sabato moja wakamwona Nyanya Nyaboke akiteremka kanisani kwa miguu yake mwenyewe, akiwapungia.

Mama Jemimah akamgusa Nyakerario begani. "Mwanangu, glavu utapewa, na dawa utafundishwa chuoni. Kumpa mtu mkono kwanza hakuna mtihani utakaokuuliza, ndiyo maana wengi wetu tumeacha kufanya hivyo. Siku ukikaa pale dirishani, inua uso."