Wito wa Tatu

Ijumaa hiyo ya Oktoba ilianza vizuri. Mvua ya wiki nzima ilikuwa imekatika, milima ilikuwa na theluji kileleni tu, na Torgeir alifika na gari lake mapema kuliko alivyoahidi, jambo ambalo si kawaida yake. Gunvor, binamu ya mama yangu, ambaye ndiye aliyenisimulia haya, alitoka nyumbani na kikapu cha mkate, jibini la kahawia na paja la kondoo lililokaushwa.

Kila mwaka, majani yakianza kupukutika, marafiki wanne walifunga safari ya kuzunguka Voss na Hardanger, huko magharibi mwa Norwei. Walitoka kiwanda kidogo cha bia hadi kingine, shamba hadi shamba, wakionja bia mpya ya Krismasi. Mwaka huo walikuwa watatu: Gunvor, Torgeir na Borghild. Wa nne, Sjur, kaka yake Gunvor, aliingia ghubani mwezi Machi kutoa nyavu zake. Mashua ilipatikana. Yeye hakupatikana. Kanisani waliimba mbele ya picha yake, bila jeneza.

Borghild alikaa nyuma, kikapu akakiweka kwenye kiti cha Sjur na kukifunga mkanda.

"Mkate nao unafungwa mkanda?" Torgeir aliuliza.

"Bora mkate. Huyo mwingine alikuwa anavua viatu, tunakufa wote kwa harufu."

Walicheka, gari likavuka daraja.

Safari hii hawakwenda kuonja tu. Gunvor alikuwa akitafuta chachu ya kwao. Nyumba za kule kila moja ina chachu yake. Huikausha kwenye vijiti vilivyotungwa kama mkufu, huutundika darini, na mzazi humwachia mtoto. Ya kwao ilikuwa mikononi mwa Sjur. Alipopotea, nyumba ilikaa baridi bila mtu, paa likavuja, na Gunvor alipopanda darini aliukuta mkufu umeota ukungu mweusi. Wakati huohuo mama yao, aliyekuwa katika nyumba ya wazee, alikuwa ameomba kitu kimoja.

"Nataka bia ya kwetu Krismasi hii," alisema. "Si ya dukani."

Hakuna aliyetarajia kuwa atafika Krismasi nyingine. Tumaini lilikuwa moja: kule, anayekuja kuomba chachu hanyimwi, na aliyepoteza yake huirudia kwa yule aliyemgawia. Sjur lazima aliwahi kumgawia mtu.

Kwenye kiwanda cha kwanza, kijana mwenye ndevu aliwaonyesha mapipa ya chuma yanayong'aa. Chachu yake aliinunua, alisema, na hakumjua Sjur ila kwa kelele zake.

"Vipi, dereva, nikumiminie kidogo?"

"Mimi nanusa tu," Torgeir alijibu. "Hawa wawili ndio wanalewa kwa niaba yangu."

Kwenye mashamba mawili yaliyofuata waliwakaribisha, wakawamiminia, wakampa Gunvor pole. Chachu ya kwao hawakuwa nayo. Jioni ilipokaribia walifika kwa Bibi Herborg, ng'ambo ya ghuba, mahali ambapo nyumba ya akina Gunvor inaonekana ndogo kama kiberiti upande wa pili wa maji.

"Sjur aliniletea miaka miwili iliyopita," bibi alisema, akaushusha mkufu wa vijiti kutoka kwenye boriti. Gunvor aliunusa. Ganda la chungwa. Ndiyo yenyewe. Akalia hapohapo, na Borghild akamshika bega.

Bibi Herborg aliwasindikiza hadi kwenye gari. Akaweka mkono juu ya mlango kabla haujafungwa.

"Mwanangu, ule wito wenu naujua. Kila mwaka nausikia kutoka huku. Mwaka huu msiite."

"Kwa nini, bibi?"

"Hamjamzika."

Torgeir alipowasha gari alijaribu kucheka. "Wazee bwana."

Nyumba nyingine za kule, chachu inapotiwa, mtu hupiga ukelele mmoja ili iamke. Kwa akina Gunvor wito ulikuwa wa watu wawili. Mmoja anasimama penye pipa na kuita. Mwenzake anaanzia kwenye banda la mashua, ukingoni mwa maji, na kuitikia. Wito wa pili anauitikia akiwa katikati ya uwanja. Wa tatu, mlangoni. Kisha anaingia, na wanafunika pipa pamoja. Baba yao aliwafundisha hivyo wakiwa wadogo. Gunvor aliita, Sjur aliitikia, miaka yote.

Jumamosi walipika, katika kijumba cha bia nyumbani kwa akina Gunvor. Walichemsha maji na matawi ya mreteni yenye kunukia, wakayamimina juu ya kimea, wakachuja taratibu. Alasiri, pipa lilikuwa limejaa kinywaji kitamu chenye uvuguvugu, bado togwa tu. Nje ukungu ulikuwa umeshuka mpaka bandani, na mwanga ulikuwa umeanza kwisha.

"Bibi alisema tusiite," Borghild alinong'ona.

"Mama anataka ya kwetu," Gunvor alisema. "Ya kwetu huitwa. Torgeir, utaitikia wewe."

"Sauti yangu itaigandisha," Torgeir alisema, lakini akavaa koti, akatoka.

Gunvor alizamisha mkufu. Akavuta pumzi, akaita.

Jibu lilikuja kutoka majini. Refu, zuri, likipanda mwishoni.

Borghild akatabasamu. "Kumbe Torgeir anajua kuimba!"

"Nimesahau tochi," Torgeir alisema.

Alikuwa amesimama nyuma yao, mlangoni, mkono ukiwa bado kwenye kitasa.

Wote watatu walitazamana. Torgeir aliingia ndani na kufunga mlango polepole. Akashusha komeo. Midomo yake ilikuwa haina rangi.

"Huko nje hakuna mtu," alinong'ona. "Nimefika nusu ya uwanja. Hakuna mtu."

"Mwangwi," Borghild alisema.

Gunvor aliijua sauti ile. Ilikuwa na mkwaruzo mdogo mwishoni, tangu Sjur alipougua koo akiwa na miaka tisa. Mwangwi hauna mkwaruzo wa mtu mwingine.

"Usiite tena," Borghild alisema. "Gunvor, nakusihi."

Lakini yeye alikuwa dada. Aliita.

Kimya. Kisha changarawe. Hatua nzito, zenye maji ndani ya viatu. Zilipanda kutoka bandani bila haraka, kama mtu anayejua njia. Katikati ya uwanja zikasimama.

Sjur akaitikia.

Karibu sana. Borghild alijiziba masikio. Harufu ya mwani ilipenya chini ya mlango. Maji yalisikika yakidondoka nje, tone baada ya tone, na hapakuwa na mvua.

Alikuwa akisubiri.

Ulibaki wito mmoja. Gunvor alifungua mdomo. Hakuna aliyemshika, hakuna aliyemkataza tena. Kifuani alikuwa na pumzi ya kutosha. Aliwaza mikono ya kaka yake, na mara akawaza miezi saba ndani ya maji. Sauti haikutoka.

Akachukua kifuniko, akafunika pipa peke yake.

Nje, yule aliyekuwa akisubiri aliendelea kusubiri. Hawakusikia hatua zikiondoka. Walikaa wameegemea pipa hadi kulipopambazuka, na ndani yake bia ilikuwa ikichemka yenyewe, imetoa povu, ikinukia chungwa. Haikuhitaji wito wa tatu. Walipofungua mlango, uwanja ulikuwa mtupu.

Bia ilipoiva, Gunvor alimpelekea mama yake katika kikombe cha mbao cha nyumbani. Hakungoja Krismasi. Mama alinywa, akafumba macho, akanywa tena.

"Ndiyo yenyewe," alisema. "Ila ina chumvi."

Gunvor alimweleza yote, kichwa chini. Mama alisikiliza bila kushangaa.

"Baba yenu aliwaambia ni wa kuamsha chachu, kwa sababu mlikuwa watoto. Chachu inajiamkia. Wito ule ni wa kuwaita waliopotea majini waje kunywa. Bibi yake baba yenu aliwapoteza watu wake wawili huko. Wa kwanza ni wasikie. Wa pili ni washuke chomboni, wapande hadi uwanjani. Wa tatu ni waingie ndani, wapumzike." Akakiweka kikombe mezani. "Umeita mara ngapi?"

"Mbili, mama."

Mama alikisogeza kikombe kando.

"Basi umemwacha uwanjani," alisema.

Gunvor hakukumbuka alivyoendesha gari kurudi. Aliuacha mlango wa kijumba wazi, akasimama penye pipa, akaita wito wa tatu. Akasikiliza. Akaita tena, na tena, mpaka sauti ikamkauka, mpaka taa za kwa Bibi Herborg zikawaka ng'ambo. Ghuba ilikaa kimya.

Mama hakufika Krismasi. Alizikwa upande wa ukuta wa kanisa, na pembeni yake wakaacha nafasi.

Nilikwenda kumtembelea Gunvor majira ya baridi yaliyopita. Mlango wa kijumba kile haufungwi. Theluji huingia mpaka penye pipa, naye huifagia kila siku. Asubuhi alinitoa nje. Umande ulikuwa umeganda usiku, na uwanja wote ulikuwa mweupe, kutoka bandani hadi kizingitini.

Isipokuwa mahali pawili, katikati, sambamba, kila mahali pana ukubwa wa kiatu cha mwanamume. Hapo changarawe ilikuwa nyeusi na mbichi. Niliinama nikagusa, nikaweka kidole ulimini. Chumvi.

Ncha za nyayo zilielekea mlangoni.