Shukrani kwa Bwana Thirkell

Haya yalimpata rafiki yangu Keziah Orrin, msafishaji wa kanisa letu. Kila Jumapili Bwana Thirkell, mwenye benki, alitugawia maskini mkate kanisani, nasi tulimshukuru kwa sauti. Mtu akinong'ona, alitega sikio na kumwambia mbele ya watu: "Sijasikia!"

Siku moja baada ya mazishi ya Bwana Thirkell, Keziah alikuwa akisugua sakafu, ukungu umetia giza madirishani. Akaona mkate mmoja wa sadaka yake umesalia kwenye rafu, akauchukua.

"Leo sishukuru, mzee," akacheka, akilikanyaga jiwe la kaburi lake, lililolazwa sakafuni humo kanisani. "Miaka kumi inatosha!"

Chini ya mguu wake kitu kikakwaruza jiwe, taratibu. Kicheko kikamkauka.

"Asante, bwana," akanong'ona.

Ukwaruzaji ukakoma.

"Sijasikia."