Kilichoziba Tangi la Choo Chetu

"Fungasha vitu vyako, mama. Leo hii tunakutafutia makao ya wazee."

Maneno hayo nilimwambia mama mkwe wangu. Bibi wa miaka themanini na tatu, amesimama mlangoni mwa choo na mkongojo wake, soksi zimelowa maji machafu...

Mume wangu Dwight alikuwepo. Alisikia kila neno.

Akainamisha kichwa.

Jamani, msinitukane kwanza. Nisikilizeni.

Naitwa Verna. Mimi, Dwight na mama yake, Opal, tunaishi ndani ya gari. Lile gari kubwa lenye vitanda, jiko na choo. Tuliuza nyumba yetu Ohio baada ya Dwight kustaafu udereva wa basi la shule, na kila baridi ikianza tunakimbilia jangwani Arizona, kwenye kambi ya wastaafu wenzetu.

Choo cha gari ni hivi: kila kitu kinaangukia kwenye tangi chini ya sakafu. Likijaa, unaunganisha mpira, unafungua koki, uchafu unaenda shimoni. Sheria ni moja tu. Usitupe humo kitu chochote zaidi ya karatasi laini ya choo.

Jumatatu asubuhi nilifungua koki.

Hakikutoka kitu.

Tukamimina maji ya moto. Tukamimina sabuni ya vyombo. Tukamwaga chooni mifuko mitatu ya barafu, nikaliendesha gari kwenye barabara ya mashimo ili ile barafu ivunjevunje uchafu. Wapi...

Siku tatu tunajisaidia kwenye ndoo. Jumatano maji machafu yakapanda juu kupitia choo, yakamwagika kwenye zulia mpaka chini ya kitanda cha mama.

Majirani walifunga madirisha. Meneja wa kambi akaja, kola ya shati ameivuta mpaka puani.

"Verna, mpaka saa kumi jioni hiki kitu kiwe kimekwisha. La sivyo mhame."

Tuhamie wapi? Nani angetupokea na mzigo ule?

Na Dwight hakuinua hata ndoo moja. Alikaa kwenye kiti chini ya turubai, amepauka, anatazama viatu vyake. Mimi nadeki, natapika, nadeki tena.

Hasira zikatafuta pa kutua. Zikamwangukia mama, kwa sababu yeye hutumia vile vitambaa vyenye unyevu vya kujifutia.

"Ni vitambaa vyako, mama. Unavitupa chooni."

"Natupa kwenye pipa, Verna. Siku zote."

"Unasahau."

"Nasahau majina ya watu. Hilo sisahau."

Ndipo nikamwambia yale maneno ya makao ya wazee.

Akamtazama mwanawe kupitia mlango uliokuwa wazi. Akamtazama sana... Kisha akasema polepole, "Sawa. Huenda ni mimi."

Akaenda kukunja magauni yake ya kulalia.

Saa nane mchana fundi akafika, jamaa mmoja mnene anaitwa Leland. Akaingiza mpira wa presha kupitia chooni, kisha akalala chini ya gari na waya wenye ndoano. Akavuta. Akavuta tena.

Matambara yakaanza kutoka. Yalikuwa mengi. Akayatandaza mchangani kwa koleo.

"Dada, hivi si vitambaa vya kujifutia," akasema. "Hizi ni nguo. Zimekatwa kwa mkasi."

Nikainama. Nikaona mpira wa kiunoni, mistari ya buluu.

Nilizinunua mwenyewe. Zilikuwa chupi za mume wangu.

Nisiwafiche, kichwa kilikimbilia kwa mwanamke mwingine. Mwanaume anakata chupi zake na kuzitupa chooni kwa nini?

"Dwight. Unanificha nini?"

Akatazama viatu vyake.

"Dwight, nakuuliza."

"Damu," akasema.

"Damu gani?"

"Nikienda haja natoka damu. Tangu Oktoba. Nyingine inanitoka bila kujua. Taka unamwaga wewe, nguo unafua wewe... Ningezificha wapi humu ndani?"

Kumbe! Huku kupauka. Huku kukaa. Mimi nilikuwa nikimwita mvivu.

"Na ukamwacha mama yako abebe lawama?"

Akajifunika uso kwa mikono. Miaka thelathini na minane ya ndoa, sikuwahi kumwona analia vile.

Mama alikuwa anashuka ngazi za gari na begi lake.

"Nilijua ni yeye," akasema. "Tangu mdogo akikosea anatazama viatu. Nilidhani anajichafua na anaona haya. Nikasema basi, aibu hiyo niibebe mimi, nimeshazeeka." Akaweka begi chini. "Sikujua ni damu, mwanangu. Ningepiga kelele."

Leland alikuwa ameshavua glovu.

"Gari lenu liacheni hapa, meneja nitaongea naye mimi. Ingieni kwenye langu."

Hospitali ilikuwa mwendo wa saa moja na nusu. Walikuta uvimbe kwenye utumbo mpana. Wakamfanyia upasuaji wiki ileile. Daktari akaniambia, "Kama angesubiri mpaka majira ya joto..." hakumalizia.

Dwight yuko hai. Amewekewa mfuko tumboni wa kupokea haja, anaumwaga mwenyewe, na hanifichi kitu tena.

Ndugu zangu, ukiona damu, sema siku hiyohiyo. Aibu ya chooni inaua watu wenye wake, waume na watoto wa kuwauguza.

Na wewe mwenye mdomo kama wangu, uliza kabla ya kuhukumu. Nilimpigia mama magoti, akanishika kichwa, akasema yamekwisha. Tunaishi naye bado.

Lakini tangu siku ile, mama akiingia chooni hafungi mlango. Anauacha wazi kidogo...

Ili nimwone akitupa kitambaa kwenye pipa.